Msitu wa Mawe katika Kisiwa cha Rusinga

Kwa miaka mingi palikuwapo juu ya meza yangu ya kazi jiwe dogo lenye umbo la konokono. Kazi yake ilikuwa kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo wa dirishani. Watu waliokuja kuandikisha mambo yao walikuwa wakilitazama, na wengine walilichukua mkononi wakaligeuza huku na huku, wakasema, "Bwana karani, fundi aliyechonga kitu hiki alikuwa hodari." Nami naliwajibu kwamba halikuchongwa na fundi ye yote, ni konokono hasa aliyegeuka jiwe zamani za kale, nami nalilipata nalipokuwa mtoto wa shule huko Koru. Basi walicheka, kwa kuwa walidhani ninawafanyia mzaha.

Nalipopata likizo yangu nalikusudia kwenda kuona mahali ambapo si konokono tu, bali miti mizima, na mbegu, na matunda, na wadudu, na wanyama waliokaa katika miti hiyo, vyote vimegeuka mawe. Mahali penyewe ni Kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria, upande wetu wa Kenya. Naliona ni aibu kwamba wageni husafiri maelfu ya maili kwenda kupatazama, nasi tulio jirani hatujui hata njia ya kufikia. Nalilitia jiwe langu mfukoni, nikaondoka Kisumu asubuhi.

Njia niliyoifuata hupitia Ndori mpaka Luanda K'Otieno, ambapo feri huvusha watu na magari kwenda Mbita. Safari ya majini ilichukua kama muda wa saa moja. Tulikuwa pamoja na wachuuzi wenye magunia ya omena, mwalimu mmoja na wanafunzi wake, na mama mmoja aliyekuwa na kuku watatu kikapuni. Mbele yetu ilionekana milima ya Gembe, na nyuma yake ile ya Gwasi, na upande wa kuume visiwa vya Rusinga na Mfangano vikitoka majini kama migongo ya viboko. Mtu akivitazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni milima mbalimbali isiyo na undugu. Kumbe yote ni mabaki ya mlima mmoja mkubwa, nao ndio uliofanya kazi ile niliyokwenda kuitazama.

Kutoka Mbita mtu huvuka daraja akaingia Rusinga. Kisiwa si kikubwa: urefu wake ni kama kilomita 16 toka ncha hata ncha, na upana wake kama kilomita 5 mahali palipo panapo zaidi. Wenyeji wake ni Wasuba, ingawa wengi wao siku hizi husema Kijaluo. Kazi zao ni uvuvi, na kulima mahindi na mtama, na kufuga. Watu wengi wa Kenya hukijua kisiwa hiki kwa sababu ya kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwezi wa Julai 1969, akaletwa kuzikwa kwao. Nalipita hapo kutoa heshima zangu, kisha nikaendelea kwenda kwenye makaburi mengine ambayo hayana idadi, na ambayo hayakuchimbwa na mkono wa mtu.

Nalipelekwa kwa mzee mmoja mkulima ambaye shamba lake liko chini ya mteremko wa kilima, na ambaye tangu utoto wake amewaona wataalamu wakija na kuondoka. Baba yake alikuwa akiwachukulia mizigo yao. Nalimwamkia, nikamweleza haja yangu. Alinitazama viatu vyangu vya ofisini, akasema, "Mwanangu, utapanda na hivyo?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba, sina vingine." Akachukua fimbo yake, tukaondoka.

Kabla sijaeleza tuliyoyaona, yafaa niwaeleze wasomaji jinsi mambo haya yalivyotokea, maana bila kujua hayo mtu hataona kitu ila vijiwe.

Zamani sana, kama miaka milioni 18 mpaka 20 iliyopita, ziwa hili halikuwapo. Wataalamu hukadiria kwamba Ziwa Victoria lina umri wa kama miaka laki nne tu. Yaani ukilinganisha na mawe ya Rusinga, ziwa ni mtoto aliyezaliwa jana. Mahali pale palikuwa na nchi kavu, na juu yake palisimama volkano, yaani mlima utoao moto, ambao wataalamu wameuita Kisingiri. Moyo wa mlima huo ulikuwa mahali paitwapo Rangwa. Mvua na upepo wa miaka mingi umeula, ukabakiza vipande vya mbavu zake: Gwasi, Gembe, Rusinga na Mfangano.

Kisingiri haukuwa ukitoa moto siku zote. Ulikuwa ukilipuka, kisha ukatulia muda mrefu. Wakati wa utulivu miti iliota katika miteremko yake, wanyama wakaja, maji yakapita mabondeni. Kisha mlima uliamka tena, ukamwaga majivu juu ya vyote. Kwa hiyo mawe ya Rusinga yamepangana tabaka juu ya tabaka, kama karatasi katika faili: iliyo chini ndiyo ya kwanza, na iliyo juu ndiyo ya mwisho. Atakaye kusoma habari za zamani hana budi kujua karatasi ipi ilikuwa chini ya ipi.

Walakini milima mingi duniani imetoa majivu, na si kila mahali miti na wanyama wamehifadhiwa hivi. Siri ya Kisingiri ni namna ya majivu yake. Yalikuwa na chokaa nyingi na magadi. Leo duniani pote iko volkano moja tu iliyo hai ambayo hutoa lava ya ukoo huo, nayo ni Ol Doinyo Lengai katika nchi ya Tanzania, ambao ulilipuka kwa nguvu mwaka 1966, na tena mwaka 2007. Mkulima ajua kwamba udongo wa msituni, wenye majani yaliyooza, ni mkali. Mfupa ukilala humo huliwa upesi ukaisha. Lakini chokaa huuzuia ukali huo. Tena mvua inaponyesha juu ya majivu ya namna hii, maji huyeyusha chokaa na kuipenyeza ndani ya kila tundu na kila ufa, kisha hukauka na kugandamana kama saruji. Mfupa uliolala humo hushikwa, na mbegu hushikwa, na hata kiwavi laini asiye na mfupa hushikwa kabla hajaoza.

Ama miti, iligeuka mawe kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hii: maji yenye madini hupenya ndani ya mbao, na kidogo kidogo, chembe kwa chembe, madini hukaa mahali pa ubao, hata mwisho hakuna ubao tena, lakini umbo lake lote limebaki. Njia ya pili ni rahisi zaidi kuifahamu. Kila mkulima amepata kuona nguzo ya boma iliyooza ardhini: mbao zimekwisha kuliwa na mchwa, lakini tundu limebaki, lenye umbo la nguzo ile ile. Sasa fikiri kwamba mtu amemimina saruji katika tundu lile, kisha udongo wa pembeni ukachukuliwa na mvua. Kitakachosimama ni nguzo ya saruji, iliyo sawasawa na ile ya mti. Ndivyo ilivyokuwa Rusinga. Majivu yalizizunguka shina za miti zikiwa zimesimama, yakawa magumu, mti ukaoza, tundu likajazwa na mchanga na majivu mengine, nayo yakawa jiwe.

Basi tulipanda mteremko, na jua lilikuwa kali. Hapakuwa na kivuli ila cha kichaka kimojakimoja cha miiba. Udongo ulikuwa wa rangi ya kijivu na wekundu kidogo, umechimbwa na makorongo. Mzee alisimama ghafula akaelekeza fimbo chini, akasema, "Umesimama juu ya mti."

Nalitazama, sikuona kitu. Akainama, akazunguka kwa ncha ya fimbo, ndipo nikaona duara la jiwe lililotofautiana kidogo na jiwe la pembeni yake, upana wake kama kinu cha kutwangia. Hatua chache mbele palikuwa na jingine, kisha jingine. Pembeni zilionekana alama kama vidole virefu vyeupe vya chokaa vilivyoingia chini, nazo zilikuwa mizizi. Palepale macho yangu yalifunguka. Nalipokuwa nikiona kilima kikavu, sasa naliona msitu, kila shina mahali pake ilipoota, na nafasi kati ya shina na shina kama ilivyokuwa siku mlima ulipolipuka.

Mwaka 2014 wataalamu walitangaza habari za mahali pa namna hii hapo Rusinga. Walikuwa wamepima visiki vya mawe, na mizizi, na majani yaliyopigwa chapa katika mawe, wakafahamu kwamba miti ile ilikuwa imesongamana, matawi yakigusana juu hata jua lisiweze kufika chini kwa urahisi. Palepale katika tabaka lile lile waliokota mifupa ya wanyama wa ukoo wa sokwe. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibishana kama wanyama hao waliishi katika msitu mnene au katika nchi ya vichaka. Kwa kuwa mifupa na visiki vilikutwa pamoja, katika karatasi moja ya faili kama nilivyosema, kwa mahali pale jibu lilipatikana. Kama mtu angalikuwa ameiondoa mifupa ile zamani na kuipeleka kwake bila kuandika ilipotoka, visiki vingalibaki visiki tu, na mifupa mifupa tu.

Hapa yafaa niwasimulie habari za mnyama mwenyewe, maana ndiye aliyekitangaza kisiwa hiki duniani.

Mabaki ya kwanza ya mnyama wa ukoo huu yaliokotwa Koru, na mwaka 1933 mtaalamu wa Uingereza, A. T. Hopwood, alimpa jina la Proconsul. Jina hilo lina mzaha ndani yake. Katika Uingereza palikuwa na sokwe aliyefundishwa kufanya michezo mbele ya watu, akiitwa Consul. Hopwood alitaka kusema kwamba huyu wa Koru alimtangulia yule. Kisha mwezi wa Oktoba 1948, Mary Leakey, mkewe Louis Leakey, alikuwa akitafuta katika mteremko wa Rusinga, akaona jino limejitokeza katika udongo. Nyuma ya jino palikuwa na taya, na nyuma ya taya vipande vya fuvu pamoja na uso. Hapakuwa kumepatikana kabla ya siku ile fuvu la sokwe wa zamani hivyo lililo kamili kiasi kile. Mary Leakey aliunganisha vipande hivyo, kisha akalichukua mwenyewe kwa ndege mpaka Uingereza ili wataalamu walitazame.

Miaka mingi ikapita, fuvu likiwa London. Walipotakiwa kulirudisha, wenye kulitunza kule walidhani kwamba walipewa liwe lao. Ndipo karatasi za zamani zilipotazamwa, zikaonyesha kwamba fuvu lile liliazimwa tu, wala halikutolewa. Mwaka 1982 likarudi Nairobi. Mimi niliye karani nalifurahi sana nilipoisikia habari hii. Watu hudharau kazi ya kuandika barua na kuziweka faili, huiona ni kazi ya vumbi. Lakini kisukuku cha miaka milioni 18 kilirudi kwao kwa nguvu ya karatasi zisizofika hata umri wa miaka 40, kwa sababu mtu mmoja aliandika sawasawa, na mwingine akazitunza.

Habari ya pili inafundisha jambo lile lile kwa upande wa pili. Mwaka 1951 mtaalamu wa mawe, Tom Whitworth, aliona mahali pa duara katika mwamba wa Rusinga, pamejaa mawe ya rangi nyingine yenye mifupa ndani yake. Alidhani kwamba ni shimo lililochimbwa na maji ya mto wa zamani. Humo ilipatikana mifupa ya mkono na ya mguu ya Proconsul mmoja kijana, na mwaka 1959 wataalamu wawili, Napier na Davis, wakaandika kitabu juu ya mkono wake. Sehemu nyingine za mwili hazikuonekana, watu wakadhani zimepotea.

Kumbe hazikupotea. Mwaka 1980 Martin Pickford na Alan Walker, walipokuwa wakipekua makabati ya jumba la makumbusho Nairobi, waliona vipande vya mifupa vilivyowekwa pamoja na mifupa ya wanyama wengine kabisa. Walipovilinganisha, vilikuwa vya Proconsul yule yule mmoja. Alikuwa amelala karibu miaka 30 katika vyumba mbalimbali vya kabati, mkono huku na mguu kule, kwa sababu ya maandishi yasiyo sahihi. Baadaye wakaenda Rusinga wakapatazama mahali penyewe, wakafahamu kwamba lile halikuwa shimo la mto hata kidogo. Lilikuwa shina la mti mkubwa uliokuwa na uwazi ndani yake. Majivu yaliuzunguka mti, uwazi wake ukajaa udongo pamoja na mifupa ya mnyama, ubao ukaoza, na umbo la mti likabaki jiwe. Mti ulikuwa umemtunza mnyama muda wote ule, nasi tulikuwa tukiuita shimo.

Kwa kuwa mnyama huyu alipatikana karibu kamili, tunajua mengi juu yake. Hakuwa mkubwa, uzito wake ulikuwa kama kilo 10. Alikuwa akitembea juu ya matawi kwa miguu minne kama tumbili, lakini hakuwa na mkia, na hilo ndilo linalomweka upande wa sokwe. Mwaka 1993 wataalamu walimpa jina la heseloni, ili kumheshimu Heslon Mukiri, Mwafrika aliyefanya kazi pamoja na Louis Leakey kwa miaka mingi katika kutafuta na kuchimba. Na mwaka 2015 jina lake la kwanza nalo likabadilishwa, kwa kuwa ilionekana ya kuwa wanyama wa Rusinga wanatofautiana na wale wa Koru. Sasa huitwa Ekembo, na neno hilo limetoka katika Kisuba, lugha ya wenyeji wa kisiwa. Nalimwuliza mzee wangu kama alikuwa na habari ya jambo hilo. Akacheka, akasema, "Walichelewa kutuuliza, lakini walituuliza."

Tulikaa chini ya mwamba kupumzika. Mzee alinionyesha chini kijiwe kama punje ya kunde, nacho kilikuwa mbegu. Mwaka 1957 mtaalamu mmoja, Chesters, aliandika makala juu ya matunda na mbegu za Rusinga zilizogeuka mawe, nazo zimeokotwa kwa maelfu. Nalinyoosha mkono nikiokote. Mzee akanigusa kwa fimbo, kwa upole lakini sawasawa, akasema, "Kiache. Kitazame kwa macho."

Nikamwuliza, "Baba, si kitachukuliwa na mvua?"

Akanijibu, "Mvua ndiyo iliyokileta. Mvua ndiye mchimbaji mkubwa wa kisiwa hiki. Hufunua, kisha huvunja. Sisi wakulima tunailaumu kwa kuchukua udongo wetu, na wasomi wanaisubiri ili wapate kuona. Mimi nimepanda miti na nyasi shambani kwangu ili udongo usiondoke, lakini hapa juu nimepaacha kama palivyo, na mbuzi wangu siwaleti. Wakija wenye kazi yao, nitawaonyesha mahali."

Naliyatafakari maneno yale. Kila mvua kubwa hufunua visukuku vipya, na mvua inayofuata huvivunja vile visivyoonekana mapema. Mbuzi hukanyaga, watoto huokota wakachezea, na mpitaji hutia mfukoni kipande apate kitu cha kuonyesha nyumbani. Hakuna mmoja wao aliye na nia mbaya. Lakini msitu uliosimama miaka milioni 18 waweza kuisha mfukoni mwa wapitaji katika maisha ya mtu mmoja. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2006 juu ya majumba ya makumbusho na urithi wa taifa, nayo humtaka mtu aliyegundua kitu cha namna hii awape habari wahusika katika muda wa siku saba, na kuonyesha mahali hasa alipokiona. Sheria ni njema, lakini haiwezi kukaa juu ya kila kilima. Anayekaa hapo ni mkulima, na mkewe, na watoto wao.

Hapo ndipo nalipolikumbuka jiwe langu. Nalilitoa mfukoni kwa fahari kidogo, nikampa mzee. Alilitazama sana, akalipangusa kwa kidole, akasema, "Konokono mzuri. Ulimtoa wapi?"

Nikasema, "Koru, baba."

"Koru ni kubwa. Kilima gani?"

Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba sikumwokota mimi. Tulipokuwa watoto wa shule tulikuwa tukibadilishana vijiwe vya namna hii, hiki kwa kalamu, kile kwa kipande cha muwa, nami nalimpata kwa mwenzangu, naye alimpata kwa mwingine. Kama alitoka kando ya mto au katika machimbo ya chokaa, kama alikuwa tabaka la juu au la chini, kama karibu naye palikuwa na taya au jino, hakuna awezaye kusema sasa.

Mzee alinirudishia jiwe mkononi. Hakunikemea. Alisema tu, "Basi amekuwa kama mtoto aliyeokotwa sokoni. Atakula, atalala, lakini hawezi kukuambia kwao."

Tulishuka jua likielekea magharibi. Ziwa lilikuwa limetulia, na mashua za wavuvi zilianza kutoka kwa kazi ya usiku. Naligeuka mara moja kukitazama kilima. Kwa mtu anayepita barabarani hakuna kitu hapo ila mawe na vichaka. Nalimshukuru mzee, naye akaniambia nikirudi nivae viatu vya mtu mwenye akili.

Kabla ya kurudi kazini nalipitia jumba la makumbusho la Kisumu, nikampa kijana wa pale jiwe langu. Alilipokea kwa adabu, akachukua karatasi ya kuandikia, akaanza kuniuliza maswali, nami nikayajibu mojamoja: ni kitu gani, nimekuwa nacho tangu lini, nani amekileta. Alipofika penye swali la mahali kilipopatikana alinitazama, akangoja. Mimi ambaye kila siku huwakataza watu wasiache nafasi tupu katika karatasi za serikali, nalimwambia aandike, "Koru, mahali hasa hapajulikani."

Siku hizi nazuia karatasi zangu kwa kipande cha chuma. Wageni hawakitazami, wala hawacheki. Walakini nikipata mtu atokaye Koru, au Songhor, au Rusinga, au Mfangano, au po pote palipo na mawe ya volkano za kale, humwomba jambo moja kabla hajaondoka. Jembe lake likigonga jiwe lenye umbo la mti, au la tunda, au la mfupa, asilipige mara ya pili, wala asilipeleke nyumbani. Aliache palepale, aweke alama kando yake, ahesabu hatua toka kwenye mti au njia ijulikanayo, kisha apeleke habari. Kama hajui kuandika, mtoto wake aliye shuleni ajua.